Matuta Niliyomfukia Babu

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyolima matuta mengi kuliko siku zote za ujana wangu, na yote yalikuwa ya uongo.

Barabara ya kijijini kwetu ilikuwa karibu kuwekwa lami, nami nilikuwa na hamu nayo kupita kiasi, maana mahindi ya kuuza Sumbawanga tuliyabeba kichwani hadi mahali magari yalipoishia. Kabla ya matingatinga wakatangulia wataalamu wa mambo ya kale, wakikagua shamba kwa shamba. Uvumi ukaenea: wakikuta vitu vya wazee, barabara itahamishiwa kijiji cha pili.

Nasi shambani tulikuwa na mavi ya chuma, yale mawe meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Babu yake babu alikuwa na tanuri pale. Basi nikayaokota yote, nikayafukia ndani ya matuta yetu, yale ya kufukia nyasi tunayolima sisi Wafipa, nikapanda maharage juu. Wataalamu walipita wasione kitu. Nilicheka peke yangu, mjinga mimi!

Babu, aliyezoea kuniita mke wangu kwa utani, hakucheka.

“Mke wangu, umemzika babu yangu mara ya pili, tena bila hata sala. Tingatinga likipita, nani atajua alikuwepo?”

Niliona aibu. Mficha uchi hazai. Nikawakimbilia wataalamu, nikaungama. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, akasikitika.

“Mdogo wangu, sisi tunasoma mahali kitu kilipolala. Kikishahamishwa, hakisemi tena.”

Machozi yakanitoka. Kisha nikakumbuka jembe langu: kila msimu liligonga udongo mgumu, mwekundu, mahali palepale. Nikawaonyesha. Wakachimba taratibu, na kufikia saa sita mchana mduara wa tanuri ukaonekana, mzima kabisa. Babu alipiga vigelegele kama mwanamke!

Na lami? Haikuhama kijiji. Ilipinda hatua chache tu kulikwepa tanuri.

Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Usifukie cha wazee ili upate cha leo. Njia ina nafasi ya vyote viwili. Na ukikosea, sema kabla tingatinga halijafika. Mungu akujalie safari ndefu yenye heri. Basi lako likikata ile kona, abiria wote mkalala upande, ujue mnamwinamia babu yake babu. Nisalimie mzee huyo.