Mashine ya Theluji Katika Shamba la Mama

Petroli iliyokaa muda mrefu ina harufu yake, chachu kidogo, kama rangi ya nyumba iliyosahaulika kwenye kopo. Nikiipata popote, hata hapa kwenye ghala ninakofanya kazi, nawaona wote waliokuwepo siku ile nyuma ya jengo letu la Vickery Meadow, mtaa wa Dallas: mama mdogo Goreti aliyetulea, akiwa bado na sare ya hoteli; wadogo zangu Elie na Chantal; Baba Revo, jirani wa ghorofa ya chini; na mimi, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na minne niliyejiona mtu mzima kwa sababu baba hatukuwa naye tena na mama alikuwa ametutoka.

Mama alituachia kipande cha shamba katika bustani ya wakimbizi. Sheria ilikuwa moja: kisipolimwa kabla ya majira ya kupanda, anapewa mtu mwingine. Na udongo mweusi wa Dallas, jamani, ukilowa ni gundi, ukikauka ni tofali. Nilijaribu na jembe la mama mpaka viganja vikatoka malengelenge. Akina mama wa parokia waliponiuliza kama tunahitaji msaada, nilijibu tunajiweza. Sikutaka kuonewa huruma.

Basi Baba Revo, aliyekuwa fundi wa mashine za kusaga kule kambini Kigoma, akarudi kutoka Carrollton, mji wa jirani, na mashine nyekundu aliyoinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Mdomoni ilikuwa na vyuma vilivyojisokota kama parafujo kubwa. Sisi tuliolelewa kwa jembe tulikubaliana: hii ni ya kulimia.

Elie akasema, "Baba Revo, that's for snow."

"Theluji gani Dallas?" mama mdogo akamkata, na mjadala ukaishia hapo.

Injini ilikataa kuwaka. Baba Revo akatandika maboksi chini, akamwaga petroli ya zamani, akafungua kabureta. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia kama asali iliyoganda. Vidole vyake vilikuwa vinene mno, akanipa mimi kipande cha waya mwembamba.

"Zibua taratibu, mwanangu. Ukiona mwanga upande wa pili, tumepona."

Nikazibua, nikapuliza, nikakielekeza kitundu juani, mpaka nikauona mwanga, mdogo kama ncha ya sindano. Akasugua plagi kwa msasa, akatia petroli mpya, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikanguruma, moshi ukatufunika, na Chantal akacheza mpaka kiatu kikamtoka.

Tukaisukuma hadi shambani. Kwenye udongo mgumu ilirukaruka tu. Lakini ilipofika kwenye rundo la mbolea na majani makavu, ikameza yote na kuyarusha juu kupitia bomba lake, yakamwangukia Mama Sifa, Mkongomani wa kipande cha jirani, kuanzia kilemba mpaka mgongo.

"Ee Baba Revo! Unalima ao unanizika?"

"Nakutilia mbolea, mama, ukue!"

Bustani nzima ikaangua kicheko. Mara mashine ikagonga jiwe, pini ikakatika, vyuma vikasimama. Baba Revo akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mashine imenishinda. Nani ana jembe?"

Mama Sifa akaja wa kwanza, akiwa bado anajikung'uta majani. Wengine wakafuata, huku wakimtania yule fundi. Kabla jua halijazama, kipande cha mama kilikuwa kimelimwa chote, na mbegu zake za lengalenga, mchicha wa kwetu, zilikuwa ardhini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ile mashine ilituangusha tu. Nimekuja kuelewa baada ya kuacha shule mapema na kuwasimamia Elie na Chantal mpaka wakamaliza. Kuomba msaada ilikuwa kazi yangu, na mimi sikuiweza. Baba Revo akaomba badala yangu, mbele ya watu waliokuwa wakimcheka.

Kwetu Warundi, aliyekulimia unamlimia siku yake ikifika. Mama Sifa nimemlimia, na wengine pia. Baba Revo alihamia Missouri City, karibu na Houston, kwa mwanawe, kwenye nyumba ambayo uani ni saruji tupu. Nikimpigia simu kumuuliza niende lini, anacheka: "Njoo ulime saruji, binti." Siku hizi magoti yanamsumbua, na sauti yake imeanza kupungua. Jembe ninalo, na basi za Houston zipo kila siku. Siku yake bado sijamlipa.