Tundu ya pili

Wapendwa, mumeshindaje? Muko bazima? Miye moyo haijatulia.

Leo nilibeba mama moja ku moto, pikipiki yangu, toka Omate kwenda Mubi. Mutoto wake mugongoni alikuwa anawaka homa.

Katikati ya pori, moto ikazima!

Nikasafisha buji, ile inatoshaga cheche. Ikaenda kidogo, ikazima. Nikapandisha ralanti, moteri izunguke mbio, nikafungua karbirateri, kwenye mafuta inachanganyikaga na hewa. Bure. Na mafuta ilijaa!

Nikaomba Mungu.

Mama akauliza: "Papa, ile sashe ya plastiki chini ya kifuniko ya tanki ni ya nini?"

"Niliiweka jana, mvua isiingie."

"Toa! Miye nauzishaga mawese. Bidon, dumu ya mafuta, ya tundu moja haimwangake mafuta muzuri. Lazima tundu ya pili, hewa iingie."

Kumbe sashe njo ilifunga katundu ka kifuniko! Nikaitoa, tanki ikavuta pumzi: fyuuu! Moto ikaunguruma, haikuzima tena.

Miaka yote hii ya umotari, ya kubeba batu ku moto, na sikujua!

Lakini saa moja ilipotea sababu yangu. Tulipofika santre ya afya, mutoto alikuwa hafungui tena macho.

Nimesharudi Omate. Mwenye iko Mubi, tafazali, aende amuone ule mutoto, anijibu mbio. Simu iko mu mukono.