Yule wa Kompyuta

Mimi nina wivu, sifichi. Hata leo na mvi hizi, ukinitajia kompyuta moyo unanichemka.

Enzi zile za utawala wa wanajeshi, mume wangu alikuwa mchoraji wa majengo kwenye machimbo ya mawe, hapa Tororo. Wakampa kazi ya kuchora ghala jipya la baruti. Baruti ikilipuka ndani ya chumba, alinieleza, kishindo chake hukosa pa kutokea. Hugonga ukuta huu, kikarudi kugonga ule, na chumba chote kikapasuka. Kujua ukuta utahimili kiasi gani kulitaka programu ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa Nairobi. Na aliyeiendesha, ee Mola wangu, alikuwa mwanamke.

Mume wangu akibadilisha kitu kidogo tu, hesabu nzima inarudiwa: zile kadi za kuilisha kompyuta hesabu zitobolewe upya, naye avuke mpaka pale Busia apande basi. Leo mlango umepanuliwa, Nairobi. Kesho kumeongezwa tundu la hewa, Nairobi. Nikamuuliza, "Baba watoto, hilo ni ghala la baruti au chumba cha bi arusi?" Akacheka. Akirudi ni sifa tu: yule dada ana akili, hajakosea hata kadi moja. Mimi niliyempikia miaka yote, lini alisema sijakosea chumvi? Nilimchukia mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa nalinusa shati la mume wangu kabla ya kulifua.

Asubuhi moja wakaja askari wa kambi ya Rubongi. "Wapi bwana yako? Ile mtu najua nyumba ya baruti. Sisi nataka yeye." Mume wangu alikuwa bafuni uani, anaoga. Nikasema amekwenda machimboni. Mafundi wawili tuliowajua walichukuliwa hivyo hivyo, na wake zao hawakupewa hata maiti.

Askari walipoondoka kumfuata huko, nikamtoa bafuni na povu masikioni, nikamtupia suruali. Pale Busia mpakani walishamzoea, mtu wa kwenda na kurudi; angepita kabla habari hazijafika.

"Na huko nitakaa wapi?" akasema, anavaa. "Nairobi sina ndugu."

Roho iliniuma, wallahi, nusura nimwambie abaki. Nikasema, "Nenda kwake."

Hakuuliza kwa nani.