Kidole cha Kumi

Mlango ulikuwa umeshachorwa. Ulichorwa kwa chaki ya kushonea, ile bapa ya buluu, kwenye ukuta wa sebule unaotazama barabara, na aliyeuchora alikuwa amepanda kiti huku ana mimba ya miezi minane. Mtoto akazaliwa, akakaa, akaanza kutambaa, na mlango bado ulikuwa mchoro. Wateja walizunguka nyuma ya nyumba, wakapita katikati ya kamba za nguo, wakaruka beseni la mtoto, wakainama chini ya dirisha la jikoni, ndipo wamfikie fundi. Wengine walichoka wakaishia kwa fundi wa kona. Mishono ya yule wa kona ilikuwa inacheka, lakini mlango wa barabarani alikuwa nao.

Mwenye chaki ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na kaka yake mpaka leo alimwita Kitinda, ingawa sasa alikuwa fundi wa nguo mwenye mume dereva wa lori na binti wa miezi kumi aliyekula kila kitu isipokuwa chakula. Baba yao alipofariki aliwaachia nyumba wawili, nusu kwa nusu. Kaka alikuwa mwashi. Kazini walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta uliosimama wima, maana walisema akishajenga yeye hata timazi yenyewe inaona haya kupima. Ila kazi ilimpeleka mbali, miaka miwili huku, miaka miwili kule. Na asiyekuwepo na lake halipo. Kila Kitinda alipopeleka ofisi ya ardhi ombi la kutoboa ukuta, alirudishwa: nyumba ina wenyewe wawili, mwenzako yuko wapi?

Siku moja kaka alimpigia simu akasema kwa ile sauti yake ya mtu anayechagua tofali, "Leo mlango, kesho bati, keshokutwa choo. Utaningoja mimi kila mara? Mimi kwangu nimeshajenga. Nusu yangu nakuachia wewe."

"Kaka, usifanye mchezo."

"Mchezo wa wapi? Nakuja siku tatu. Andaa makaratasi."

Basi alikuja. Siku mbili ziliishia kwenye barua, picha ndogo na kumtafuta wakili. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, siku ya kwenda ofisi ya ardhi kuhamisha hisa yenyewe, na dirisha lilipokea watu mpaka saa sita na nusu. Jumamosi alfajiri gari la mkandarasi lingempitia kaka, na kurudi ni baada ya miaka miwili.

Asubuhi hiyo Kitinda aliamka kabla ya mtoto, jambo ambalo halijapata kutokea. Alifagia, akachemsha chai, akaivaa furaha yake pamoja na gauni la kutokea. Shangazi yao, dada wa baba, ambaye alikuja kuwa shahidi, alimtazama kutoka juu mpaka chini akaweka kikombe mezani taratibu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayewashonea watu?"

"Kwani vipi, shangazi?"

"Gauni umelivaa ndani nje. Mishono yote naiona. Mizuri, hongera."

Kaka alicheka mpaka chai ikampalia. Kitinda naye alicheka, akaenda kuligeuza.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi mawili na majalada yaliyorundikwa mpaka karibu na dari. Walikaa kusubiri, mtoto mapajani mwa Kitinda. Kaka hakuweza kukaa mbele ya ukuta bila kuugusa. Aliupapasa, akagonga kwa kifundo cha kidole, akamnong'oneza dada yake, "Lipu hii ilipigwa na mtu mwenye njaa."

"Nyamaza, watakusikia."

"Wanalijua. Tazama ule ufa."

Karani alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi. Aliwaita saa tano na dakika kumi. Alisoma karatasi zote pasipo haraka, akashusha miwani, akamtazama kaka.

"Wewe kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu, unamhamishia dada yako hisa yako yote ya urithi katika nyumba hii?"

"Ndiyo, mama."

"Yote? Hubakizi hata chumba?"

"Hata msumari."

"Ukija utalala wapi?"

"Kwa dada yangu," alisema kaka, kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

Kitinda aliinamisha uso akajifanya anamfuta mtoto udenda.

Karani alisogeza kisanduku kidogo chenye kioo juu yake. Siku hizi saini peke yake haitoshi, alieleza, watu wameuziana nyumba za wajomba zao kwa saini. Kila anayetoa haki yake lazima mashine isome alama za kidole chake. Taa ikiwa ya kijani, mambo yamekwisha. Ikiwa nyekundu, bado.

"Dole gumba la kulia."

Kaka aliweka. Nyekundu. Karani akafuta kioo kwa kitambaa. Nyekundu. Akamtuma bombani kunawa kwa sabuni. Alirudi mikono inanukia kama ya bwana harusi. Nyekundu tena. Kidole cha shahada, cha kati, kile cha pete, cha mwisho, mkono wote wa kulia ukaisha na mashine haikumtambua. Karani aliukamata ule mkono, akaugeuza kiganja juu, akavaa miwani.

"Baba, alama zako umezipeleka wapi?"

"Ziko kwenye kuta za watu," alisema kaka.

Kitinda alichungulia. Ncha za vidole vya kaka yake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Saruji ya miaka kumi na tano ilikuwa imezila, mstari mmoja mmoja. Mikono ile ilimbeba akiwa mdogo, na hakuwahi kuitazama hivi.

"Nimewaona waashi wengi," alisema karani, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Usishike saruji wiki tatu, paka mafuta asubuhi na jioni. Alama zinarudi zenyewe. Halafu uje."

"Mama, mimi kesho alfajiri naondoka. Narudi baada ya miaka miwili."

"Basi ndiyo miaka miwili hiyo. Sina la kufanya."

Shangazi alijisogeza mbele na kidole chake kimeshanyooshwa. "Tumia changu. Mimi ni dada wa baba yao, damu moja hii."

"Shangazi, ukikiweka hicho hapa," alisema karani, "nitakuhamisha wewe mwenyewe. Kituo cha polisi hakiko mbali."

Shangazi alikirudisha kidole ndani ya khanga. Wakaanza mkono wa kushoto. Kitinda aliuona akilini ule mlango wa chaki, akaona mtoto wake akipita chini yake kwenda shule na bado haujatobolewa. Dole gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Cha mwisho, nyekundu.

"Tisa," alisema karani. "Cha kumi naona hakinyooki. Pole sana, baba." Akaanza kufunga jalada.

Kitinda ndiye aliyejua kwa nini hakinyooki. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa kaka yake kilikuwa kimepinda kama ndoano, ncha yake imeelekea kiganjani daima. Naye kaka, dada yake akiwapo, alikuwa na mazoea ya kukizungushia vingine ili kisionekane. Alikula hivyo, alisalimiana hivyo. Yeye Kitinda alikuwa na miaka sita na kaka kumi na mmoja siku walipocheza kwenye mlango wa nyuma, yeye akamkasirikia kaka, akaubamiza ule mlango mzito kwa nguvu zote za mtoto, ukambana kidole. Baba alipouliza, kaka alijibu machozi yakimtoka: ni upepo. Tangu siku hiyo hawakuwahi kulizungumza. Ingekuwa ajabu kulizungumza leo, mbele ya karani na shangazi. Lakini ukishayavulia maji nguo huna budi kuyaoga.

"Bado kimoja," alisema Kitinda.

Kaka alimtazama. "Hicho achana nacho. Kimepinda, hakitafika kwenye kioo."

"Lete."

Aliushika mkono wa kaka yake, akaufungua taratibu kama anavyofungua ngumi ya mtoto aliyeokota kitu. Ncha ya kile kidole ilikuwa imejificha ndani ya kiganja miaka yote. Haikushika mwiko, haikugusa tofali. Ngozi yake ilikuwa laini na mistari yake imejaa, imezungukana vizuri kama ushonaji wa mkono.

"Mama, tazama. Hiki kina alama."

Karani alichungulia, akafungua tena jalada. Kaka alijaribu kukilaza juu ya kioo. Hakikulala. Alikisukuma kwa mkono wa pili hadi uso ukamkunjamana.

"Acha kukilazimisha," alisema Kitinda. "Kwenye kwapa la gauni sindano haipindi. Unazungusha kitambaa."

Akachomoa nepi safi kwenye mkoba, akaikunja mara nne, akakisimamisha kile kisanduku kwa ubavu wake na kukiegemeza kwenye ile nepi.

"Mashine ya serikali hiyo," alisema karani, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshashika upande wa pili isianguke.

Kaka akakitia kidole kama mtu anayeshika mpini wa ndoo. Ncha ikakaa juu ya kioo. Hakuna aliyepumua isipokuwa mtoto, ambaye alikuwa ameupata uzi wa miwani ya karani na anautafuna.

Kijani.

Shangazi alipiga kofi moja tu, paa, hadi mlinzi akachungulia mlangoni. Karani aliandika kwa sauti, "Kidole cha pete, mkono wa kushoto," akagonga muhuri mara tatu. Kisha akachomoa karatasi nyingine chini ya jalada. "Na hili ombi lako la mlango limelala humu muda wote. Sasa mwenye nyumba ni mmoja, halina pingamizi." Akaligonga nalo. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Nje, juani, Kitinda alishindwa kwenda. "Shangazi," alisema, "kile kidole haukuwa upepo. Ni mimi."

"Najua," alisema shangazi.

"Unajua?"

"Siku ile nilikuwa nimeanika nguo. Zilining'inia kama zimekufa. Upepo gani?" Akamgeukia kaka. "Na wewe ulikuwa mwongo mbaya tangu utotoni."

Kaka alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Afadhali ulibana hicho, Kitinda. Usingekibana, leo tungekuwa na hadithi gani?"

Nyumbani hakukaa hata kunywa maji. Alitoa timazi yake, akaining'iniza mbele ya mchoro wa chaki, akatikisa kichwa.

"Mlango umelala upande. Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa na mimba ya miezi minane."

"Basi ndiye mtoto aliyekuvuta."

Akachora mwingine pembeni yake, akachukua tindo na nyundo. Kitinda alitandika shuka juu ya cherehani, akamfunga mtoto mgongoni, akasimama karibu kuliko inavyofaa, vumbi likimwingia kwenye nywele. Mkono wa kushoto wa kaka ulikuwa umeshika tindo, na kile kidole kilikuwa wazi, kimejipinda kulizunguka, kinaonekana na kila mtu. Tofali la kwanza lililegea, likasogea, likatoka. Mwanga wa barabarani ukaingia sebuleni ukatua juu ya shuka.

Kwenye tundu likatokea jicho la mtu.

"Fundi, uko humo?" Ilikuwa sauti ya mteja mmoja, mwalimu. "Gauni langu limekwisha?"

"Limekwisha."

"Nizunguke nyuma?"

"Usizunguke," alisema Kitinda. Alilichukua gauni, akalikunja mara nyingi hadi likawa dogo kama tofali, akalipitisha.