Ndoana ya Baharini kwenye Nundu ya Fahali

Aibu hii nilikuwa simsimulii mtu, lakini kwa kuwa nyinyi mmeshaisikia nusu kwa watu wasionipenda, acheni niwape yote kwa mdomo wangu mwenyewe, maana wale wanasema nilijikojolea, na hilo si kweli (nilikaribia tu).

Zilikuwa zama za Mdachi, reli imeshafika Dodoma, na mimi nilikuwa boi wa bwana mmoja wa reli, mrefu, mwekundu, jasho halimkauki. Mjini waliniita Abdala wa Pwani. Pwani yenyewe nilikuwa nimekwenda mara moja, nimebeba mizigo ya watu kichwani, nikakaa majuma mawili, bahari nikaitazama kwa mbali, siku moja nikajitia ushujaa nikaingiza mguu mmoja, wimbi likaja, nikatimua mbio mpaka kwenye minazi. Basi, huo ndio upwani wangu wote! Lakini nilirudi na kanzu, na kilemba, na maringo, na kilemba hicho nilikifunga chini kabisa, kwa sababu mimi ni Mgogo wa Mvumi, masikio yangu yalitobolewa na kutanuliwa kama desturi ya kwetu, ndewe zinaning'inia hadi karibu na mabega, na kila asubuhi nilizikunja nikazificha ndani ya kitambaa.

Yote hayo kwa ajili ya Mwanahawa. Baba yake, Mzee Faki, alikuwa fundi cherehani pale sokoni, mtu wa Pangani, na alishatangaza kwamba binti yake haolewi na mtu wa bara labda yeye awe kaburini. Nikamwambia mimi ni wa pwani. Akaniuliza, na baba yako yuko wapi? Nikajibu, alizama na jahazi. Hivyo hivyo, bila kumeza mate. Mzee wa watu akanipa pole, akanimiminia kahawa, akasema Ijumaa ijayo atanipa jibu la posa.

Sasa bwana wangu akapata likizo ya kwenda kuvua samaki pwani, naye akaagiza vifaa kutoka Ulaya, sanduku refu kama jeneza la twiga. Kwao alikuwa amevua mtoni tu, visamaki vya kiganjani, bahari haijui (na kuuliza kwa upole nako alikuwa hakujui). Akalifungua barazani. Fimbo za kuvulia mbili: moja ndefu kunizidi mara mbili, nyembamba, inayumba, nyingine fupi, nene, imekaza. Na gurudumu la shaba la kuzungushia mshipi.

"Abdala! Wewe mtu wa bahari. Ipi ya kusimama nayo ufukweni kwenye mawimbi, ipi ya chomboni? Chagua!"

Neno moja tu, "sijui", lingeniokoa. Lakini Mzee Faki alikuwa pale pale barazani amepiga magoti, anampima bwana suruali, kainua macho ananitazama. Nitasemaje sijui?

Nikazishika zile fimbo moja moja, nikazikandamiza chini kama nilivyofundishwa kuchagua fimbo ya kuchungia ng'ombe. Ile ndefu ikapinda kama upinde. Nikatikisa kichwa. "Hii mbichi, bwana. Imekatwa kabla haijakauka. Haifai popote." Ile fupi ikagoma kupinda. "Hii ndiyo fimbo! Ufukweni hii, chomboni hii." Nikalivuta lile gurudumu, likalia krrrrr, mshipi ukatoka. "Na hili bovu, linaachia. Kitu ukishakifunga hukiachii." Nikachukua ukanda wa ngozi, nikalifunga kwa fundo la kumfungia ndama, likanyamaza kimya.

Bwana akaandika yote kwenye daftari lake. Mzee Faki akamwambia mtu wa pembeni, "Huyo ni mtoto wa maji ya chumvi, hana mchezo." Nikavimba kichwa, mpaka nikaogopa ndewe zitatoka.

"Vizuri," akasema bwana. "Kesho utanionyesha kurusha, uwanjani."

Kesho yake, sitaki kukumbuka, ilikuwa siku ya mnada, na watu walikuwa wengi kuliko ng'ombe. Ninapita na fimbo yangu begani, Mzee Faki ubavuni, Mwanahawa na wenzake nyuma wamejifunika khanga wanachekacheka, nasikia mtu anaita, "Chibago!" Ndilo jina langu la kuzaliwa. Nikatazama kwa pembe ya jicho. Baba! Amesimama na fahali wetu Mapembe, yule niliyemlea kwa mkono wangu tangu mama yake alipokufa. Baba alikuwa amesikia kwa wapita njia kwamba nataka kuoa, akatoka Mvumi kwa miguu kuniletea ng'ombe wa mahari.

Aliita mara tatu. Nikageukia reli, nikaitazama kana kwamba naiona leo, nikapita.

Uwanjani bwana akanifunga mkanda wa ngozi kiunoni, akaipachika fimbo na gurudumu lake kwenye kulabu za mkanda huo, eti samaki mkubwa asininyang'anye. Mwisho wa mshipi chubwi la risasi, lile zito la kuuzamisha, na ndoana kama kidole changu cha gumba. Watu wamezunguka. Nikainua fimbo nyuma kwa nguvu zangu zote nirushe mbele, na fimbo isiyopinda hairushi kitu jamani, chubwi likabaki huko huko nyuma, nikasikia ndoana imenasa. Nikadhani ni kichaka. Nikavuta! Kikavuta nacho. Nikavuta tena kwa hasira, na watu wakaanza kupiga mayowe na kutawanyika, nikageuka, yallah, kumbe baba alinifuata nyuma, na ndoana imezama kwenye nundu ya Mapembe.

Fahali akakata mbuga. Lile gurudumu ambalo lingeachia mshipi nililifunga mwenyewe kwa fundo la ndama, halikuachia hata uzi, na mkanda ule nao haukuachia, basi nikaburutwa kifudifudi mnada mzima, kanzu imepanda kiunoni, nimepita juu ya vibuyu vya maziwa, nimepita katikati ya vitambaa vya Mzee Faki alivyotandaza mnadani, kilemba kikafumuka kikabaki kwenye miba, na ndewe zikatoka zikanipigapiga mashavuni mbele ya Mwanahawa na Dodoma nzima.

Hapo upwani wote ukanitoka. Nikapiga mluzi wetu wa machungani, nikalia kwa Kigogo, "Mapembe! Mapembe, baba, simama!"

Akasimama. Akageuka, akanijia pale nilipolala, akanusa, akaanza kunilamba masikio.

Bwana alikuwa amekaa chini anacheka hadi machozi (fimbo ilikuwa vipande viwili, nadhani kicheko ndicho kilichoniokoa na viboko hamsa ishirini). Mzee Faki alifika anahema, kitambaa kimeburuzwa mkononi, na baba naye akafika, akainama kuitoa ndoana taratibu.

"Mzee, ng'ombe huyu anamjuaje Abdala?" akauliza Mzee Faki.

"Amemlea," akasema baba kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi baba yake. Nimeleta mahari."

"Baba yake? Si alituambia ulizama na jahazi?"

Baba alinitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Kumbe nilizama," akasema. "Ndiyo maana nimemwita mara tatu hakusikia."

Hakuna aliyecheka tena, hata Mwanahawa. Mzee Faki akakunja vitambaa vyake. "Wa bara ningemfikiria," akaniambia. "Wewe uliyemzika babako akiwa hai, hapana." Jibu la posa nikalipata kabla ya Ijumaa.

Miaka baadaye mvuvi wa kweli alinieleza kwamba ile ndefu ya kupinda ndiyo ya ufukweni, hurusha mshipi mbali kupita mawimbi, fupi ni ya chomboni, na gurudumu lazima liachie, la sivyo samaki atakuchukua. Nikamwambia hilo la kuchukuliwa nalijua.

Baba alimfunga Mapembe kamba, akashika njia ya Mvumi, na mimi nyuma yake, kanzu imechanika, masikio nje. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kwetu wapi, nasema Mvumi kabla hajamaliza kuuliza, na mzee yeyote akiita njiani, hata kama anamwita mtu mwingine, mimi nageuka.