Mabega ya Duke

Haya nitakayowaambia hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kuniogopa, nilikataa kuyaamini mpaka nikayashika kwa mikono. Kuna mama hapa Kebirigo anayemshonea nguo mtu ambaye hakuna ajuaye kama bado ana mwili.

Anaitwa Edinah, mjane wa kaka yangu. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la mbolea, na hapo hapo ndipo ninapoandikia, kwenye benchi ya wateja, tena kwa sauti, maana neno nisipolisikia siwezi kuliandika. Yeye ananisikia, anakanyaga cherehani tu.

Mwanawe wa kwanza, Duke, alitumwa siku moja ya soko apeleke suruali kwa mteja kule Nyaramba. Alikuwa kijana mrefu, mabega kama hanga ya waya ya kutundikia nguo. Suruali ilifika; mteja aliivaa kanisani Jumapili yake. Duke hakurudi. Simu yake ilizimika, na mdogo wake Gibson, aliyekuwa wa shule ya msingi wakati huo, leo ana ndevu.

Kila Desemba Edinah humkatia Duke shati jipya la Krismasi. Taabu ni kipimo. Mafundi wengine hupima mtu. Yeye hupima uvumi.

Ogari, mchimbaji wa dhahabu upande wa Migori, aliapa kwamba amemwona shimoni, akiitwa jina lingine. Edinah akakata shati pana, la mtu wa sururu. Alipofika kwenye kola mkono ukasita. Duke huyu huyu, aliyesindikizwa chooni mpaka darasa la nne kwa kuogopa lile tundu?

Mwaka mwingine Akong'o, muuza omena, wale dagaa wadogo, kutoka ziwani, alileta habari ya kijana Mkisii huko kwao, ameoa na ameota kitambi. Edinah akaongeza kitambaa kiunoni, lakini uso haukufunguka.

"Mama Duke, nimekuletea habari njema umenuna," Akong'o akamwambia.

"Kama anakula akashiba," Edinah akajibu, "basi njia ya nyumbani anaijua. Ni yeye tu hataki kuipita."

Askari mmoja naye alisema huenda kijana amefungwa ng'ambo ya mpaka, jina lake limeandikwa vibaya. Shati la mwaka huo lilitoka jembamba mno, na Edinah hakuweza kulipiga pasi. Mimi nilimpa maelezo yangu, kwamba Duke ni tajiri Nairobi na anajificha asiombwe na baba zake wadogo. Hakucheka. Mimi watu hunicheka hata msibani.

Wengi wanasema ni mto ulio njiani kwenda Nyaramba. Jioni ya siku aliyotumwa mvua ilinyesha na daraja la magogo likasombwa. Tulitafuta hadi kwenye mawe ya chini, ambako mto ule hutupa hata mbuzi, tukarudi mikono mitupu. Kwa neno la mto Edinah hajawahi kukata kitambaa.

Na liko lingine, ambalo aliniambia mara moja tu. Asubuhi ile alimwambia Duke mbele ya wateja kwamba mshono wake umepinda kama mkia wa nguruwe, hatakuwa fundi wala mtu. Kijana akatabasamu, akaikunja suruali, akaenda. Hilo, anasema, linaingia katika mashati yote, mapana na membamba.

Sasa mwaka huu Gibson amepata mchumba, Joyline. Wazee wa ukoo wakasema mdogo hawezi kumruka mkubwa asiyejulikana yu hai au amekufa. Duke azikwe: gogo la mgomba livikwe nguo yake, lishushwe kaburini, na Gibson afunguliwe njia. Tukaenda nao kwa Edinah Jumamosi, akatupikia chai. Gibson alikaa akitazama viatu vyake.

"Mama Duke," mzee Omosa akaanza, "hatuna kingine cha kuomba. Ni shati moja tu. Nawe unayo mengi."

Edinah aliingia chumbani, akatoka nayo yote, akayapanga juu ya meza, mapana kwa membamba. Akayanyoosha kola moja moja.

Na hapa ndipo mtakapokataa kuniamini. Mama yule alinyanyua mkasi, mrefu kama panga, akanguruma mpaka ng'ombe wa kule Nyakoe wakakata kamba! Wazee wakatorokea dirishani, Omosa akaacha kofia na meno, nikabaki mimi peke yangu, nikamshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikawa nina—

"Shemeji, wacha," Edinah amesema, na cherehani imesimama. "Hakuna aliyekimbia. Niliwauliza tu ni lipi linamtosha Duke. Mkayatazama mpaka chai ikapoa, asichague hata mmoja, na wewe ukiwemo, na Gibson bado hajaoa."