Nusu Chupa ya Dawa ya Sikio

"Sukari tunagawana, sabuni tunagawana, hata samaki mmoja tunamkata katikati. Sasa hii chupa imepitaje mlango wangu ikaenda kule?"

Huyo ni wifi yangu Nakhungu, mke wa kwanza wa kaka yangu Jotham, amesimama uani kwake huko Naitiri, mikono kiunoni. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Jotham alikuwa akipima mahindi dukani kwa Rajinder kule Kitale, na kila mwisho wa mwezi alileta vitu nyumbani. Sheria ya boma ilikuwa moja: cha mume hugawanywa sawa, nyumba kubwa na nyumba ndogo.

"Mama Wekoye, hii ni dawa ya kunywa," Jotham akamjibu. "Nanjala anaumwa sikio."

"Na wangu hawana masikio?"

Nanjala alikuwa binti wa Chemutai, mke mdogo aliyetoka Endebess. Sikio lilikuwa linatoa usaha, mtoto hapati usingizi. Lakini Nakhungu hakuona usaha, aliona chupa. Ukishang'oa visiki vya shamba kwa mikono yako, na mimba tumboni, halafu ukaletewa msichana mwenye shingo ndefu aje kula mahindi yaliyokwisha komaa, macho hayaoni vizuri. Simlaumu sana. Wa kulaumiwa ni kaka yangu, mwanamume ambaye angegawa hata kikohozi ili alale kwa amani. Alitafuta chupa ya soda, akamimina nusu ya dawa, akampa Nakhungu. Sawa kwa sawa, kama mafuta ya taa.

Nakhungu akaiweka juu ya kabati, wageni waione. Hakuna mtoto wake aliyekuwa mgonjwa.

Kwa Chemutai, nusu yake ikaisha upesi. Nanjala alikuwa ameanza kucheza, wakadhani amepona. Wapi! Usaha ukarudi, tena unanuka, na sikio la pili likafuata. Chemutai akaja mlangoni.

"Mama Wekoye, una nusu chupa ya mtoto wangu."

"Ya mtoto wako? Ni ya nyumba yangu. Kaombe Endebess."

Siku moja ng'ombe walikuwa wanatoka zizini wakisukumana, na Nanjala amekaa njiani anachezea udongo. "Nanjala! Toka hapo!" Nakhungu akaita kwa ile sauti yake inayofika mpaka mtoni. Mtoto hakugeuka. Nakhungu akakimbia, akamnyakua. Nanjala akamkodolea macho mdomoni, kama mtu anayetafuta maneno pale.

Nakhungu akaenda moja kwa moja kabatini. Dawa ilikuwa imechacha.

Kesho yake aliuza jogoo wake, akaenda zahanati na Chemutai aliyembeba mtoto, kila mmoja upande wake wa njia. Muuguzi aliwapa chupa mpya, akawakaripia wote wawili.

"Dawa hii haigawanywi! Kijiko asubuhi, mchana na jioni mpaka iishe, hata akiwa anacheza. Mkiacha katikati, ugonjwa unarudi." Akamgeukia Nakhungu. "Na wewe ni nani wake?"

"Mama yake mkubwa."

Chemutai akakohoa.

Chemutai alikuwa akienda kibarua cha kupalilia, kwa hiyo kijiko cha mchana kilikuwa cha Nakhungu. Hapo ndipo wivu ulipofanya kazi ya maana.

"Ati ulijaza kijiko asubuhi? Mbona chupa haijashuka?"

"Nilijaza. Wewe si jana uliimwaga kwenye nguo?"

"Kwangu anameza bila kulia. Kwako sijui mnamfanyia nini."

Hakuna aliyethubutu kuruka kijiko, maana mwenzake alikuwa anachungulia.

Chupa ilipoisha, Nakhungu alisimama nyuma ya mtoto, akasema kwa sauti ndogo, "Nani anataka muwa?"

"Mimi!" Nanjala akageuka.

Chemutai akajifuta macho kwa leso. "Ile nusu chupa nimekusamehe, Mama Wekoye."

"Usinisamehe, wewe. Jogoo wangu amelipa."

"Haya, umelipa."

"Sema tena, baba yao asikie."

Jotham alikuwa mlangoni anavua viatu. Chemutai akapaza sauti, akasema tena.